Mwaka Daraja Lilipolala kwa Bibi Skola

Mvua zimepamba moto wiki hii na ukuta wa sebule yangu, ule wa upande wa dirisha, bado uko wazi. Kwa miaka mingi, mvua za namna hii zikianza, watu wa ng'ambo ya Kasense walikuwa wanang'oa mbao za daraja lao la miguu ili mafuriko yasizibebe, wanazileta kwangu mabegani, na wanaziegemeza kwenye ukuta huo mpaka kijito kipungue. Tulisema daraja limekuja kulala. Kiangazi kilichopita kijito kile kimejengewa daraja la zege lenye kingo za chuma, na zege halihitaji mahali pa kulala. Siku ya ufunguzi nilipiga makofi na wenzangu, nikala pilau, nikarudi nyumbani. Nilipoutazama ule ukuta nikalia. Mume wangu aliniuliza nalilia nini. Nikamwambia mbao. Alinitazama kidogo, akaona heri aende kuchemsha chai.

Masunga, mwenzangu wa zamani, alikuwepo kwenye ufunguzi. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka, maana yeye anakaa Muze, kule bondeni, ana ng'ombe na mpunga na kitambi ambacho zamani hakuwa nacho. Alinikuta kwenye foleni ya pilau, akaniinamia sikioni kama mtu mwenye habari ya siri, akasema, "Gau, unakikumbuka kile kikopo?" Nilicheka mpaka mama aliyekuwa anapakua akanipa nyama ya ziada, nadhani alidhani nina njaa. Nilikumbuka kikopo, nikakumbuka mwaka mzima uliokuwa nyuma yake. Huo ndio nataka kuusimulia. Ya wazazi wangu na ukoo wangu nayaacha. Yana wasimuliaji wa kutosha, na kila msiba wanarudia.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikawa nakaa kwa Shangazi Oresta pale Sumbawanga mjini, karibu na soko. Chumba changu kilikuwa cha uani, na kwa haki kilikuwa stoo. Nililala kati ya magunia ya maharage na baiskeli isiyo na mnyororo, chini ya bati ambalo mvua ikinyesha huwezi kusikia hata unachowaza. Nilikipenda. Kilikuwa na kidirisha kimoja kilichotazama jiko, na kwa kidirisha hicho nilijua mambo yote ya nyumba ile kabla wenyewe hawajayaamua. Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa ulezi na migebuka mikavu iliyotumwa kutoka Kabwe, ziwani, na Mama Imelda, wifi yake shangazi, ambaye alikuwa na duka la samaki na dagaa. Migebuka ile ilikuwa mitamu, sina la kusema. Lakini jioni moja, nikiwa nimejinyoosha kitandani, nilimsikia shangazi akimwambia mumewe huku akisonga ugali, "Huyu Gaudensia Pasaka ikipita kama hajapata kazi ashuke tu Kabwe. Imelda anataka mtu wa kukaa na dagaa." Mjomba akajibu, "Dagaa ni kazi." Basi, ikawa imepita. Niliingia kula na nikamtazama yule mgebuka kwenye sahani kwa jicho ambalo hakustahili.

Watu wa Kabwe wanisamehe. Leo nikienda huko naogelea na kula na sitaki kurudi. Wakati ule nilichotaka ni kimoja tu: kubaki juu huku, kwenye baridi na nyasi na upepo, na kufanya kazi ya kutembea. Nilikuwa mtu wa kutembea tangu hapo. Nikikaa ndani siku nzima nagombana na watu, hata kama hakuna mtu. Kwa hiyo lilipobandikwa tangazo kwamba mradi fulani wa ramani za njia za vijijini unatafuta wasaidizi wawili, nilikuwa wa kwanza kufika, na viatu nilikuwa nimevipiga rangi.

Msimamizi wa mradi alikuwa Bwana Ambele, mtu wa Mbeya, mrefu, mwenye chupa ya chai aliyoibeba kila mahali. Alitupanga uwanjani, akatuambia hana haja ya usaili. "Mtu akianza kunieleza kwamba yeye ana bidii, mimi nasinzia," alisema. "Nimeficha vikopo vitano chini ya madaraja ya miguu, huko mashambani. Katafuteni. Watakaonifikia wa kwanza na shanga kutoka kila kopo, hao ndio wangu." Kisha akatuonyesha kile kifaa kidogo cha kushika mkononi kinachozungumza na satelaiti, tulichokiita jipiesi. Unakipa namba za mahali, kinakuonyesha mshale na umbali. Enzi hizo simu zetu zilikuwa na tochi tu, na wengi wetu tulikishika kama yai. Ndani ya kila kopo kungekuwa na shanga, na swali ambalo jibu lake lilijaza pengo kwenye namba za kopo linalofuata. Huko nje duniani, alisema, kuna watu wanaucheza mchezo huu kwa kujifurahisha tu, siku za mapumziko. Tulicheka. Mtu aache kupumzika aende kutafuta kopo!

Tulipangwa wawili wawili kwa kuokota vikaratasi, na mimi nikamwokota Masunga. Alikuwa kijana wa Kisukuma, kwao walikuwa wamehamia Muze na mifugo, yeye akasomea mjini. Alikuwa na kofia pana na mwendo wa mtu aliye nyuma ya ng'ombe. Nilikuwa nimeomba kimoyomoyo nipate mtu wa mbio. Frenki na Deo, vijana wa mjini, walipata kifaa chao na tayari walikuwa wamepanda pikipiki ya kaka yake Deo. "Poa, mshikaji, tutaonana kwenye chai!" Frenki alimpigia Masunga kelele. Mimi sikuaga. Masunga alinitazama nilivyonuna, akasema kwa upole, "Dada Gau, wewe una haraka, mimi nina miguu. Tutafika tu." Nilitamani kumpiga na kile kifaa.

Siku zile za kutafuta ni kati ya siku nilizofurahi sana maishani, na nashangaa kwamba nilizipitisha nikigomba. Ilikuwa mwisho wa mvua. Matuta ya mashamba yalikuwa yamejaa maharage, vijito vyote vinasema, na uwanda wote wa Ufipa ulikuwa wa kijani kiasi kwamba ukikaa chini suruali inabaki na rangi. Kikopo cha kwanza kilikuwa kimefungwa kwa waya chini ya magogo mawili, ndani ya nailoni nyeusi. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya gogo, mkono chini, Masunga amenishika miguu, na mama mmoja mwenye kuni kichwani akasimama kutuangalia. Sasa, mjue kwamba ukitaja Sumbawanga popote nchini watu wanasogeza viti nyuma, kwa hadithi zile za uchawi wetu. Sisi wenyewe huwa tunacheka. Lakini kufungasha kitu kwenye nailoni nyeusi na kukificha chini ya daraja, hapa kwetu, ni jambo la kulieleza. Yule mama akauliza bila kuweka kuni chini, "Mnaweka au mnatoa?" "Tunatoa, mama," nikasema. Akafikiri. "Basi toeni. Mngekuwa mnaweka ndipo tungeongea." Akapita juu yetu, kwa maana halisi, kwenye gogo lile lile, akaenda zake.

Kopo la nne lilitugombanisha sana. Swali liliuliza tanuri la kale lililo jirani, moja ya yale marefu ya udongo ambayo wahenga wetu waliyeyushia chuma, lina matundu mangapi chini. Mimi nilihesabu, yeye akahesabu, majibu hayakufanana. Nilimwambia hajui kuhesabu. Akaniambia yeye huhesabu ng'ombe wa baba yake kila jioni na hajawahi kupoteza. Tulizunguka lile tanuri tukibishana mpaka akaondoa nyasi kwa mguu na lile tundu la ziada nililolihesabu mimi, lililojificha, likaonekana. Alitoa kiazi cha kuchemsha mfukoni, akakikata, akanipa nusu kubwa. Kuanzia hapo nikaacha kutamani mwenzi wa mbio.

Namba za kopo la mwisho zilitupeleka ng'ambo ya Kasense, kwenye kijito kipana chenye ukingo wa juu. Mshale ulituonyesha maji. Palikuwa na magogo mawili makubwa yaliyolazwa toka ukingo hadi ukingo, mbali mbali, na kati yake uwazi ambao ng'ombe angetumbukia. Daraja halikuwepo. Frenki na Deo walikuwa wamefika kabla yetu, pikipiki imeegemezwa, wanaitazama jipiesi yao kana kwamba imewatukana. "Oya, tumekosea yale matundu," Deo alisema. "Turudi kwenye tanuri." Wakaondoka kwa moshi. Mimi nilijua hatujakosea matundu, kwa sababu nilikuwa nimegombana kwa ajili ya yale matundu. Nilikaa kwenye majani na kuiona Kabwe, duka, mizani, na magunia ya dagaa mpaka darini. Nikaanza kulia, kilio cha hasira.

Masunga aliniacha nilie, akaenda kwa mama aliyekuwa anapukuchua maharage shambani. Nilisikia mazungumzo yao. "Mama, hapa si pana daraja?" "Lipo." "Liko wapi?" "Limelala." Akasema kwa wepesi, kama mtu anayekuambia mtoto yuko ndani. "Limelala kwa Bibi Skola, nyumba ile yenye mlango wa bluu. Maji yakijaa tunalilaza kwake." Hapo ndipo nilipoielewa hesabu ya Bwana Ambele. Alikuwa ameficha vikopo vyake wakati wa kiangazi, madaraja yakiwa kazini. Mtu wa Mbeya, hakuna aliyemwambia kwamba hapa daraja nalo lina msimu wa kukaa ndani.

Bibi Skola alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga kitenge kifuani na sweta la kiume juu yake. Nilichuchumaa na kumpigia makofi ya salamu kama nilivyolelewa. Masunga alivua kofia, akaniigiza, akachelewa kidogo. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Ninyi ni wa serikali?" "Hapana, bibi." "Basi kaeni." Sebule ilikuwa na kiti kirefu, picha ya Bikira Maria, na mbao za daraja zimeegemezwa ukuta mzima, nzito, zimepauka kwa jua na kung'aa kwa nyayo. Nyuma yake kuku alikuwa anaatamia. Na kwenye ubao wa tatu, kwa ndani, limefungwa kwa waya, lilikuwepo kopo letu kwenye nailoni yake nyeusi.

Nilimweleza kila kitu, haraka haraka, shanga na mradi na Pasaka. Alisikiliza. "Nililiona," alisema. "Limekuja na ubao. Kilichofungwa darajani ni cha daraja, kwa hiyo sikukigusa. Likirudi kwenye maji yake mtafungua. Humu ndani daraja halipekuliwi, limelala." Nikamuuliza litarudi lini. "Waulize wanaume. Kila siku maharage kwanza. Na mimi Jumapili ya Matawi ni keshokutwa, na kanisa langu liko ng'ambo. Nizunguke barabarani na magoti haya?" Akainuka, akaenda jikoni kututafutia kitu cha kunywa, akatuacha peke yetu na kopo.

Lilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kulifikia nikiwa nimekaa. Waya umekunjwa mara mbili tu. Masunga alilitazama kopo, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba yule naye anaweza kutokwa jasho. Nje kwa mbali nilisikia, au nilidhani nasikia, pikipiki. Kisha kutoka jikoni ikaja sauti ya Bibi Skola, anamwambia jirani yake, wala hakupunguza sauti: "Hawa watoto watakimbia na kopo lao sasa hivi, na daraja langu litabaki ukutani." Jirani akasema, "Ndivyo vijana walivyo." Nilikasirika. Nilikasirika kujulikana haraka namna ile, na mtu ambaye hata hajanipa togwa bado. Nikasimama, nikaushika ubao wa kwanza upande mmoja, nikamwambia Masunga, "Shika huko."

Tulizibeba mbao zile mbili tatu kwa safari, kupitia kati ya matuta, Bibi Skola nyuma yetu akiongoza kwa mkongojo mahali pa kukanyaga. Watu waliokuwa kwenye maharage walisimama kuangalia msichana wa mjini na Msukuma wakilirudisha daraja la kijiji chao. Kwanza walicheka. Kisha wakaona aibu kidogo. Kisha wakaja na kamba za magome na nyundo. Frenki na Deo nao walirudi kutoka kwenye tanuri, wakaliona kopo linaning'inia chini ya ubao tunaoubeba, wakaruka kutoka kwenye pikipiki. Bibi Skola aliwaelekezea mkongojo. "Ninyi wawili. Mna mikono?" "Tunayo, bibi." "Basi shikeni mbao." Na wakashika. Kuna sauti ambayo ukiitiwa nayo hujiulizi, unashika. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuumiza meno, na tulizama ndani yake hadi kiunoni, sote wanne, tukisukuma na kufunga na kutukanana kwa furaha. Daraja liliposimama, Deo ndiye aliyekuwa chini ya ubao wa tatu. Aliufungua waya, akalifungua kopo. Lilikuwa na shanga za kutosha timu zote, nyekundu. Alichukua yake na akatupatia yetu bila maneno, hilo lazima niliseme.

Karatasi ya mwisho haikuwa na swali. Iliandikwa tu kwamba Bwana Ambele yupo shuleni, ng'ambo, tuvuke. Frenki alikimbilia pikipiki na kuielekeza kwenye mbao. "Pikipiki haipiti," alisema Bibi Skola. Wakageuza, wakashika barabara ya kuzunguka, na mimi nikamvuta Masunga tukimbie. Ndipo mkono mkavu uliponishika kiwiko. "Utaratibu wetu, mwenye kulilaza daraja huvuka wa kwanza siku linapoamka," alisema, "na hushikwa na mmoja wa waliolirudisha." Nilimtazama Masunga. Aliinamisha kofia uso usionekane anacheka.

Sijawahi kutembea polepole namna ile na moyo ukaenda kasi namna ile. Katikati ya daraja alisimama. Alilisikiliza kwa miguu, akalitikisa kidogo, akasema ubao wa tano ugongwe tena. Tukasubiri ugongwe. Pikipiki ilikuwa inalia mbali, upande wa barabara. Tukapanda kilima cha shule, yeye ananieleza nani alizaliwa nyumba ipi, na mimi naitikia "ndiyo bibi, ndiyo bibi," na dagaa wa Kabwe wananipita machoni kilo kwa kilo. Halafu mlio wa pikipiki ulibadilika, ukawa mkali, ukakaa mahali pamoja. Masunga alisikiliza kama mkulima. "Tope," alisema. "Wamezama."

Bwana Ambele alikuwa ameketi kwenye baraza ya shule na chupa yake ya chai. Nilimkabidhi shanga, nikiwa nimeloa, nimeshikwa kiwiko na bibi. "Mmechelewa," alisema. "Daraja si liko hapo chini tu?" Bibi Skola akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Ni wewe uliyelifunga kengele kama mbuzi? Siku nyingine ukitaka kuficha kitu kwenye daraja, kwanza uliza kama litakuwepo." Bwana Ambele alisimama, akampa kiti chake na kikombe chake. Wenzetu walipotokea, wekundu kwa matope mpaka kope, Bibi alikuwa anakunywa kikombe cha pili. Deo alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizi ana gereji mjini, na kila nikipita anamwambia fundi wake kwamba mimi niliajiriwa kwa ajili ya bibi yake mtu.

Jioni ile shangazi alisikia habari, akasema tu, "Basi Imelda atafute mwingine," akaniwekea mgebuka mkubwa kuliko wote. Nilimla mpaka mifupa. Kazi ya mradi ilizaa kazi nyingine, nami nimezipima njia za uwanda huu kwa miguu yangu mpaka nikajenga Kasense, mimi na mume (ambaye si Masunga, tafadhali msianze). Kila mwaka nilikwenda kusaidia daraja kuamka. Bibi Skola alipokuwa mgonjwa aliniita, akasema kuanzia sasa lilale kwangu. Nikamwambia ana wajukuu. "Wanapekua," alisema. Nikamwambia hajui nilivyolitazama lile kopo siku ile. Alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua. Ulikuwa umelikodolea macho nikakuonea huruma. Wewe unadhani mimi huwa naongea kwa sauti ile jikoni?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika kuandika, juzi, mvua ikipiga bati, aliposimama mlangoni Vitalis, mjukuu wa Bibi Skola, mtu mzima mwenye watoto wake. Alikuwa ameloa, na begani alikuwa na ubao mmoja. Zile nyingine, alisema, zimetengenezwa mabenchi ya kanisa. Huu fundi aliukataa kwa sababu una alama za waya zilizokula ndani. Niliupapasa kwa vidole, nikazipata, mikunjo miwili.

"Shikamoo mama," alisema Vitalis. "Daraja limekuja kulala."

Nikamwitikia marahaba, nikasogeza kiti ili apite.